Kumshikia Mgeni Chuma: Mwongozo kwa Wazoefu wa Jimu za Dar es Salaam

Mtu anayeingia jimu kwa mara ya kwanza hajui aulize nini. Atauliza ada ya mwezi, saa za kufungua na mahali pa kuweka begi, lakini hawezi kuuliza kama stendi ya benchi imelegea, au kama chuma kirefu kilichoegemezwa ukutani kina uzito wake hata kabla ya kuwekewa kitu, kwa sababu hajui kwamba hayo ni mambo ya kuulizwa. Kwa hiyo wajibu wa kuanza mazungumzo ni wa mzoefu, na mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake: mtu aliyekwisha kufanya mazoezi ya vyuma kwa mwaka mmoja au zaidi, asiyelipwa kumfundisha mtu yeyote, lakini ambaye ndiye anayekuwa karibu kumshikia chuma pale mikono ya mgeni inapoishiwa nguvu.

Hali hiyo haichagui aina ya jimu. Katika kumbi za kisasa za Masaki na Mikocheni wakufunzi wapo, ila saa za jioni, watu wanapotoka kazini na kumaliza kupambana na foleni, mkufunzi mmoja hulazimika kuwaangalia wengi kwa wakati mmoja. Katika jimu za mtaani, kama zile za Manzese, Tandika na Mbagala, mwenye jimu anaweza kuwa ndiye mwalimu, mkusanya fedha na fundi wa vifaa, na si kila jioni atakuwepo. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jimu zetu nyingi humpa mgeni jembe siku ile ile ya kwanza, tena zito, huku waliomtangulia wakimshangilia.

Vifaa kabla ya mtu

Anza kwa kumweleza uzito halisi wa vitu. Chuma kirefu cha mashindano ya kunyanyua vitu vizito kina kilo 20 kwa wanaume na kilo 15 kwa wanawake, kabla ya kuwekewa sahani, yaani vile vyuma vya duara vya kuongeza uzito, hata moja. Wageni huhesabu sahani peke yake, hivyo anayeweka sahani ya kilo 10 kila upande hujiona anabeba kilo 20, kumbe amelala chini ya kilo 40. Sahani za mashindano hutambulika kwa rangi, nyekundu ikiwa kilo 25, bluu 20, njano 15 na kijani 10, lakini viwanda vinavyotengeneza sahani za kawaida za jimu havibanwi na utaratibu huo, kwa hiyo mfundishe kusoma namba iliyochongwa kwenye sahani yenyewe na kujumlisha kwa sauti kabla ya kulala kwenye benchi.

Jimu za mtaani zina suala lake la ziada. Chuma kirefu huweza kuwa bomba la maji au ekseli ya gari, na uzito wenyewe huwa zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi. Sioni aibu yoyote katika vifaa hivyo, maana misuli haijui bei ya kinachoinuliwa. Tatizo ni kwamba makopo mawili yanayofanana kwa macho yanaweza kupishana kwa kilo kadhaa, kutegemea kokoto zilizoingia na jinsi zege lilivyoshindiliwa, na mgeni ambaye bado hajazoea kusawazisha mikono atavutwa upande mmoja bila kuelewa sababu. Azimeni mizani kwa mwenye duka jirani, pimeni kila kopo, andikeni uzito wake kwa rangi ya mafuta, kisha yanayolingana yawekwe jozi. Kazi hiyo humalizwa asubuhi moja ya Jumapili.

Bomba lenye uwazi ndani hupinda kadiri siku zinavyokwenda. Liviringishe sakafuni: likienda kwa kudunda au kuyumba, limepinda, na bomba lililopinda huzunguka lenyewe viganjani wakati mtu amelishika. Kagua pia maungio yote yaliyochomelewa. Hewa ya pwani yetu ina chumvi na unyevunyevu, nayo hula chuma haraka, hasa katika jimu zilizo karibu na bahari. Kutu ya juu juu inayoacha wekundu mikononi si jambo la kuogopesha. Ya kuogopwa ni ile inayotoa magamba kwenye maungio na kwenye miguu ya stendi, mahali ambapo hapafutwi na hapatazamwi. Benchi linalotikisika haliandikwi karatasi ya onyo na kuachwa pale pale, kwa kuwa mgeni ataliona liko wazi na kufurahi kwamba halina foleni. Linaondolewa, linageuzwa miguu juu, na linabaki hivyo hadi lichomelewe.

Jambo jingine ambalo mgeni hawezi kulibuni mwenyewe ni mpangilio wa kutoa sahani. Chuma hutulia kwenye stendi kwa sababu pande mbili zinavutana sawasawa. Mtu akitoa sahani zote za upande mmoja kabla ya kugusa za upande wa pili, upande wenye uzito hushuka ghafla, na ule mtupu huruka juu na kumpiga yeyote aliyesimama karibu. Mwonyeshe kwa vitendo kwamba sahani hutolewa na kuwekwa kwa zamu, moja huku na moja kule, kubwa zikianza ndani na ndogo zikifuata, na vibanio vikifunga mwisho. Viatu navyo si jambo dogo. Wapo wanaofika na ndala moja kwa moja kutoka nyumbani, na ndala hazizuii kitu chochote kinachoanguka, wala hazishiki sakafu ya saruji iliyolowa jasho.

Namna ya kumwendea

Kama hakuna hatari ya papo hapo, subiri amalize seti yake, yaani awamu moja ya marudio ya zoezi, na apumue. Mtu aliyeshika uzito akisemeshwa hugeuza shingo, na kugeuza shingo chini ya uzito ni kuanzisha tatizo ambalo halikuwepo. Akishamaliza, msalimie kwanza kama unavyomsalimia mtu popote pengine. Mzee wa miaka 55 aliyeambiwa na daktari apunguze uzito wa mwili hastahili kuanza kusikia neno "unakosea" kutoka kwa kijana wa umri wa mwanawe. Anastahili kusikia: "Shikamoo mzee. Naona unakwenda kwenye benchi, utapenda nikushikie?" Kwa wa rika lako inatosha kusema: "Habari za mazoezi, kaka. Unapiga mara ngapi?" Swali humwachia mtu nafasi ya kukubali au kukataa bila kushuka hadhi mbele ya watu, na akikataa, umwache, ila usiende mbali.

Rekebisha kosa moja kwa siku, na liwe lile lenye hatari kuliko yote. Mzoefu anayemwaga mambo kumi kwa mpigo, miguu, kiuno, pumzi, viwiko, macho, humwacha mgeni akiwa na hofu zaidi na ustadi ule ule. Ikiwa mgongo wake unapinda anapoinua chuma kutoka sakafuni, zungumzia mgongo na unyamaze kuhusu upana wa mikono hadi wiki ijayo.

Kwa wanawake nitasema wazi, kwa sababu jambo hili huzungukwa mno. Usimguse mtu bila kumwomba ruhusa na bila yeye kusema ndiyo, hata kama nia yako ni kumnyoosha bega. Karibu kila marekebisho yanaweza kufanywa kwa maneno au kwa kujionyesha wewe mwenyewe, na mahali ambapo kushika kunahitajika, kama vile kumsaidia kwenye skwati, zoezi la kuchuchumaa na chuma mabegani, muulize kama angependa asaidiwe na dada mwenzake aliyepo. Ushauri uliotolewa mara moja ni msaada. Ukirudiwa kila baada ya seti, bila kuombwa, unakuwa usumbufu, na mwenye jimu anapaswa kuuzuia.

Baada ya kuzoeana kidogo, muulize kuhusu afya yake, faraghani na si mbele ya kioo ambako wote wanasikia. Je, ana presha, kisukari au tatizo la moyo? Amewahi kuzimia au kubanwa kifua akipanda ngazi? Amefanyiwa upasuaji hivi karibuni, ana ngiri, ni mjamzito? Jibu la ndiyo halimfungii mtu mlango, kwani mazoezi ya nguvu huwasaidia wengi wenye presha na kisukari, lakini linamaanisha kwamba aanze kwa daktari kisha aje kwako. Sababu ni ya kimwili kabisa: mtu anapobana pumzi na kusukuma uzito mkubwa, shinikizo la damu hupanda kwa kasi katika sekunde hizo chache, na mwenye presha isiyodhibitiwa hana nafasi ya kulibeba.

Swali la selimundu husahaulika, ingawa Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huo. Mgonjwa wa selimundu kwa kawaida anajijua na ana kliniki yake. Asiyejijua ni yule aliyerithi kinasaba kutoka kwa mzazi mmoja tu, ambaye si mgonjwa na huishi maisha ya kawaida, lakini ambaye mazoezi makali yasiyo na mapumziko, hasa kwenye joto na bila maji, yanaweza kumwangusha. Mgeni akikwambia kwamba ndugu yake ana selimundu, mpangie mapumziko marefu, apande polepole, na umshauri apime.

Wiki za mwanzo

Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2020, lilisema watu wazima wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli yote mikubwa angalau siku 2 kwa wiki. Mwambie hivyo mgeni anayetaka kuja siku 6. Siku 2 au 3 zisizofuatana zinamtosha kabisa mtu anayeanza, na zile za katikati si uvivu, kwa kuwa ndizo ambazo mwili hutumia kujijenga.

Apashe mwili kwa dakika 5 hadi 10, hasa kama ametoka moja kwa moja kwenye daladala alikosimama saa nzima, kisha afanye seti moja au mbili nyepesi za zoezi lenyewe kabla ya uzito wa kazi. Uzito wa kazi uwe ule anaoweza kuurudia mara 8 hadi 12 na kumaliza akiwa bado na nguvu za kurudia mara mbili au tatu zaidi. Kwa zoezi ambalo mwendo wake ni mgeni kwake, chuma kitupu kinatosha, na kwa wengine mpini wa ufagio unatosha zaidi. Akiweza kuzidisha marudio mawili juu ya lengo lake katika siku mbili mfululizo za mazoezi, aongeze kati ya asilimia 2 na 10 ya uzito. Kwa anayebeba kilo 40 hiyo ni kati ya gramu 800 na kilo 4, na hapo ndipo jimu isiyo na sahani ndogo inapomlazimisha mtu kuruka kilo 10 kwa mkupuo. Mahali pasipo na sahani ndogo, aongeze marudio hadi 15 kwanza, ndipo apande.

Mweleze kwa nini asikimbilie, maana vijana huhitaji sababu. Misuli hupata nguvu mapema, lakini kano zinazoifunga kwenye mifupa huimarika polepole zaidi, hivyo kuna kipindi ambacho mtu anaweza kuinua kitu ambacho kano za mabega na viwiko vyake haziko tayari kukibeba. Pumzi aitoe wakati wa kusukuma na aivute wakati wa kushusha. Maumivu ya misuli yanayoanza siku inayofuata na kufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tatu ni ya kawaida; maumivu makali ya ghafla, au yaliyo ndani ya kiungo, au yanayoshuka mguuni kutoka kiunoni, si ya kawaida na zoezi hilo lisimame.

Kuhusu kelele za "ongeza, ongeza!" maoni yangu ni kwamba zifungiwe nje ya seti za mgeni, pamoja na simu za kurekodi. Mtu anayerekodiwa hunyanyua kwa ajili ya watazamaji. Wanafunzi wa sekondari wanaweza kufanya mazoezi ya uzito wakiwa na msimamizi, lakini wasijaribu uzito wa mwisho wa uwezo wao. Na anayempa mgeni sindano au vidonge vya kukuza misuli anampa dawa ambazo zinaweza kuharibu moyo na ini na kuzuia uzazi, na kama sindano inatumiwa na zaidi ya mtu mmoja, anampa pia njia ya kupata VVU na homa ya ini.

Benchi

Nimelitengea zoezi hili la kulala chali na kusukuma chuma juu nafasi kubwa kuliko mengine kwa sababu ndilo linalopendwa na vijana, na ndilo ambalo uzito hukaa juu ya kifua, koo na uso wa mtu aliyelala.

Mlaze kwanza mahali sahihi: macho yawe chini ya chuma, miguu yote miwili iwe sakafuni, na mabega yarudishwe nyuma yakandamize benchi. Mikono ishike kwa umbali ulio sawa kutoka katikati. Chuma kisicho na alama kifungwe utepe mahali pa kushikia. Kidole gumba kizunguke chuma. Wapo wazoefu wanaoacha dole gumba upande mmoja na vidole vinne kwa kudai kwamba kifua hufanya kazi vizuri zaidi, lakini kwa mshiko huo hakuna kinachozuia chuma kuteleza kutoka viganjani, na viganja vya Dar es Salaam huwa na jasho. Mgeni asiuige hata siku moja.

Kabla ya chuma kutoka kwenye stendi, kubalianeni mambo matatu: atapiga mara ngapi, kama anataka umsaidie kukitoa, na neno gani atasema akitaka kusaidiwa. Neno "shika" linafaa kwa kuwa ni fupi na haliwezi kuchanganywa na kitu kingine. Ukikitoa naye, hesabu kwa sauti hadi tatu, kifikishe juu ya mabega yake, na usiachie hadi aseme anacho.

Simama nyuma ya kichwa chake, karibu na benchi, mguu mmoja mbele kidogo ya mwingine, magoti yakiwa yamelegea na mgongo umenyooka, kwa sababu anayemshikia mtu kwa kuinama kiuno huumia yeye. Mikono yako ifuate chuma kinaposhuka na kupanda, kiganja kimoja kikitazama juu na kingine chini, ndani ya mikono yake, bila kugusa. Kutogusa ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Mgeni akihisi vidole vyako kwenye chuma hudhani kazi imekwisha na hulegeza mikono, nawe unajikuta umebeba uzito wote kwa vidole.

Ukishike lini? Chuma kikisimama njiani na kuanza kushuka wakati kilitakiwa kupanda; upande mmoja ukitangulia mwingine kwa kiasi cha kuonekana; au akisema neno mliloafikiana. Hapo usisite na usimpe "moja ya mwisho". Shika kwa viganja vyote viwili, sema kwa sauti "usiachie", na mpandishe naye hadi chuma kiketi kwenye stendi pande zote mbili. Tazama ndoano zote mbili kabla ya kuondoa mikono, kwa kuwa chuma kilichoketi upande mmoja tu hurudi chini.

Uzito ukiwa ni mkubwa kuliko unaoweza kuubeba wewe mwenyewe, sema hivyo na uite mwingine. Washikaji wawili husimama kwenye ncha, mmoja akiteuliwa kuhesabu, na wote huinua kwa pamoja. Mmoja akiwahi, chuma hupinduka na aliye chini huumia bega. Na pasipokuwa na mtu wa kushika kabisa, mgeni asifanye benchi. Atumie dambeli nyepesi, vyuma vifupi vya kushikwa kwa mkono mmoja, anazoweza kuziachia pembeni, au apige pushapu, au atumie stendi yenye vyuma vya kinga vilivyopangwa chini kidogo ya kifua kilichoinuliwa na juu ya shingo. Hata hivyo mfundishe, kwa chuma kitupu, la kufanya kikimlemea siku moja akiwa peke yake: akilaze kifuani, asikiache kielekee shingoni, akiviringishe taratibu kuelekea nyonga, kisha aketi.

Skwati, na mengine kwa ufupi

Kwenye skwati, chuma kikiwa juu ya mabega ya nyuma, kinga ya kwanza ni vyuma vya pembeni vya stendi, vilivyopangwa chini kidogo ya pale anapofika akichuchumaa mwisho. Mfundishe kushindwa kwa makusudi akiwa na chuma kitupu: ashuke, akiketishe kwenye kinga, atoke mbele. Ukimshikia, kwa ruhusa yake, simama nyuma yake, shuka naye kila anaposhuka, na akikwama pitisha mikono chini ya makwapa kuelekea kifuani umwinue yeye badala ya chuma. Mahali ambapo hakuna stendi na chuma huwekwa mabegani na wenzake, wawili wabaki kwenye ncha tangu mwanzo hadi mwisho. Binafsi, mwezi wa kwanza ningempa dambeli moja au kopo moja la zege alikumbatie kifuani na kuchuchumaa nalo, kwani likimshinda ataliweka chini mbele yake.

Kuinua chuma kutoka sakafuni hakushikiwi. Kazi yako hapo ni kuondoa watu, chupa na sahani zilizozagaa, na kutazama mgongo wake: chuma kianzie juu ya katikati ya unyayo, kipandishwe kikiwa karibu na muundi, na mgongo ukianza kupinda seti iishe. Vivyo hivyo kwa mazoezi ya kurusha chuma juu ya kichwa kwa kasi. Anayejaribu kukidaka kikianguka huumia pamoja na mwenyewe. Dambeli zinazosukumwa kifuani au juu ya kichwa hushikiwa kwenye vifundo vya mikono badala ya viwiko, kwa sababu ukisukuma viwiko, mikono yenyewe bado inaweza kukunjika na dambeli ikashuka usoni. Kwenye mashine, hakikisha pini imeingia hadi mwisho na vidole viko mbali na sahani zinazopanda na kushuka.

Joto, njaa na giza

Kuanzia Desemba hadi Machi joto la jiji hupita nyuzi 30, na chini ya paa la bati lisilo na dari hali huwa mbaya zaidi. Unyevunyevu wa hewa ndio unaoharibu, kwa sababu jasho linalotiririka bila kukauka halipoozi mwili. Mwili huchukua takriban wiki mbili kuzoea kufanya kazi katika joto, kwa hiyo mgeni aliyeanza Januari apewe seti chache na mapumziko marefu kuliko aliyeanza Julai. Anywe maji kidogo kidogo kabla ya kiu kumbana. Dafu baada ya mazoezi ni zuri, na kitambaa cha kufutia mikono na benchi si cha kuazimana.

Aliyekula mchana saa saba na kufika jimu saa mbili usiku ana njaa, na kizunguzungu chake kinaweza kuwa ni njaa tu. Wakati wa Ramadhani, anayefunga afanye mazoezi mepesi karibu na futari, au ayasogeze baada ya kufuturu na kunywa maji ya kutosha, na mwezi huo usiwe wa kupandisha uzito.

Umeme ukikatika, mashine za kukimbilia zinaweza kusimama ghafla na chumba kuwa giza huku mtu akiwa chini ya chuma. Wekeni kanuni moja inayojulikana na wote: kila mtu abaki alipo, aliye karibu na benchi au stendi aende kushika chuma kwa kupapasa, asiye na mzigo awashe tochi ya simu, na hakuna anayetembea hadi kila chuma kirudi mahali pake.

Mambo yakiharibika

Zipo dalili ambazo mgeni atazipuuza kwa kudhani ni uchovu. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi au kahawa, siku moja hadi tatu baada ya mazoezi makali, ukiambatana na misuli iliyovimba na kukosa nguvu, unaashiria kwamba seli za misuli zimevunjika na kumwaga kwenye damu vitu vilivyokuwa ndani yake, jambo linaloweza kuua figo. Mwenye dalili hizo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Muulize kwa simu siku ya pili baada ya mazoezi yake ya kwanza. Ni swali la aibu kidogo, lakini halina mbadala.

Anayechanganyikiwa, kutapika au kuongea ovyo katika joto apozwe hapo hapo kwa maji mengi mwilini na upepo, huku usafiri ukitafutwa. Anayebanwa kifua aketi, asirudi kwenye zoezi, apelekwe hospitali. Aliyeanguka na hapumui kawaida, mlaze chali na ubonyeze katikati ya kifua kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mkipokezana bila kuacha hadi msaada ufike. Aliyeangukiwa shingoni au mgongoni asiinuliwe wala kuketishwa. Kichwa chake kishikwe kisigeuke, na asipakiwe kwenye bodaboda kwa hali yoyote. Kiungo kilichovunjika kifungwe kama kilivyo, bila kunyooshwa na mtu yeyote, hata mwenye sifa ya kuunga.

Hospitali za rufaa za mikoa zilizopo Amana, Temeke na Mwananyamala ndizo zilizo karibu na mitaa mingi, na kutoka huko wenye majeraha makubwa ya mifupa na uti wa mgongo hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Amueni mapema ipi ni ya kwenu, na njia gani haina foleni saa moja jioni. Tafuteni madereva wawili wenye gari linaloweza kumlaza mtu, wanaoegesha karibu na jimu. Majina yao, namba zao, jina la hospitali na mahali ufunguo wa geti unapowekwa viandikwe kwenye karatasi moja kwa herufi kubwa, ibandikwe kando ya mlango, na namba hizo zipigwe mara moja kila mwezi, kwa sababu madereva hubadilisha laini bila kumwambia mtu.